Dawa Ifuatwe Hadi Mkononi mwa Mgonjwa

Mama anunuaye mchele sokoni huutia kiganjani, akaunusa, akatafuna punje mbili tatu, na kwa njia hiyo huweza kuamua kama mchele huo ni mpya au umevunda. Fundi seremala naye hugonga ubao kwa vidole akajua kama umekauka. Lakini mama huyo huyo aendapo katika duka la dawa muhimu kumnunulia mwanawe dawa mseto ya malaria, macho yake, pua yake na ulimi wake havimsaidii kitu. Kidonge chenye dawa kamili na kidonge cha chaki tupu vyaweza kufanana kama shilingi kwa ya pili. Wala mwuzaji hana uwezo wa kuvitofautisha kwa kuvitazama. Wote wawili, mwuzaji na mnunuzi, hulazimika kumwamini mtu wa tatu ambaye hayupo dukani.

Mtu huyo wa tatu ndiye mdhibiti wa dawa. Katika Tanzania Bara kazi hiyo imepitia mikono kadhaa. Sheria ya Dawa na Sumu ya mwaka 1978 iliiweka chini ya Bodi ya Famasi. Sheria ya mwaka 2003 ikaanzisha Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mwaka 2019 shughuli za chakula na vipodozi zilihamishiwa Shirika la Viwango, na chombo kilichobaki kikaitwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Chombo hiki si cha kubezwa. Mwaka 2011 maabara yake ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa yafaa kupima dawa kwa viwango vya kimataifa. Mwaka 2018 Shirika hilo liliuweka udhibiti wa dawa wa Tanzania katika ngazi ya 3 kati ya ngazi 4, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kufikia ngazi hiyo.

Hata hivyo, sifa njema haziondoi swali gumu. Hakuna mdhibiti, hata katika nchi tajiri, aliye na fedha na wataalamu wa kutosha kufanya kila kazi kwa uzito ulio sawa. Hapana budi kazi fulani itangulie na nyingine ifuate. Je, kwa nchi ambayo sehemu kubwa ya dawa zake huagizwa kutoka nje, zikasafiri mamia ya kilomita kutoka bandarini hadi vijijini, lipi litangulie? Makala haya yanatoa jibu moja: uzito wa kazi usogezwe kutoka mlangoni, ambako dawa husajiliwa, hadi mwisho wa safari, ambako dawa humezwa.

Sheria zilizozaliwa na misiba

Ili kuelewa kwa nini wadhibiti wengi huelekeza macho yao mlangoni, yafaa kutazama historia. Mwaka 1937, huko Marekani, kiwanda kimoja kilitaka kuuza dawa ya sulfanilamidi katika hali ya kimiminika, kwa kuwa watu wengi, hasa watoto, walishindwa kumeza vidonge. Mkemia wa kiwanda hicho aliona kwamba dawa hiyo huyeyuka vizuri katika daiethilini glikoli, kimiminika kitamu kisicho na rangi. Ikatiwa ladha ya matunda, ikapelekwa madukani. Hakuna aliyeijaribu kwanza ili kujua kama ni salama, na sheria ya wakati ule haikumlazimisha yeyote kufanya hivyo. Daiethilini glikoli ni sumu iuayo figo. Watu zaidi ya 100 walifariki, wakiwamo watoto. Serikali ilipotaka kuikamata dawa hiyo, sababu pekee ya kisheria iliyopatikana ni kwamba jina lake lilidanganya: iliitwa elikseri, jina lililomaanisha kwamba ndani yake mna alkoholi, nayo haikuwamo. Mwaka uliofuata, 1938, ilipitishwa sheria mpya iliyomtaka mwenye dawa athibitishe usalama wake kabla ya kuiuza.

Msiba wa pili ni ule wa thalidomaidi. Dawa hiyo ilianza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1957, ikisifiwa kuwa huleta usingizi na kuondoa kichefuchefu cha wajawazito. Kabla ya kuondolewa sokoni mwishoni mwa mwaka 1961, inakadiriwa kuwa watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walizaliwa wakiwa na kasoro za viungo, wengi wakiwa na mikono na miguu mifupi mno. Nchini Marekani madhara yalikuwa machache, kwa sababu mtaalamu mmoja wa serikali, Frances Kelsey, alikataa kuiidhinisha dawa hiyo hadi aletewe ushahidi wa kutosha, ijapokuwa wenye dawa walimsihi na kumshinikiza mara nyingi.

Misiba hii miwili iliwafundisha walimwengu jambo moja kubwa, yaani dawa ichunguzwe kabla ya kuingia sokoni. Funzo hilo ni la kweli, na usajili wa dawa katika kila nchi umesimama juu yake. Lakini miaka 85 baada ya msiba wa 1937, sumu ile ile ilirudi. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya dawa za maji za watoto zilizokutwa nchini Gambia, zikiwa na daiethilini glikoli pamoja na ethilini glikoli, sumu iliyo jamaa yake. Watoto wapatao 70 walifariki. Mwaka huo huo, huko Indonesia, watoto zaidi ya 200 walifariki kwa dawa za maji zilizokuwa na sumu za aina hiyo.

Safari hii sumu haikuingia kwa sababu ya ujinga wa mkemia. Dawa nyingi za maji hutengenezwa kwa gliserini au propilini glikoli, ambazo ni salama. Daiethilini glikoli hufanana nazo kwa sura, uzito na utamu, na bei yake ni nafuu. Mfanyabiashara mwovu aweza kuibandika lebo ya gliserini, na kiwanda kizembe kikaipokea bila kuipima. Vitabu vya viwango vya dawa husema kwamba sumu hizo zisizidi asilimia 0.10 katika malighafi, yaani gramu 1 kwa kila kilo. Kipimo cha kuitambua kinajulikana na hakina miujiza yoyote. Kilichokosekana ni mtu wa kupima. Gambia, kwa mfano, haikuwa na maabara yake ya kupima ubora wa dawa, na sampuli zililazimika kupelekwa ng'ambo wakati watoto walikwisha kuugua.

Cheti cha usajili husema nini?

Yafaa ieleweke vyema kwamba cheti cha usajili si uongo, lakini husema jambo dogo kuliko watu wengi wadhanivyo. Husema kwamba siku fulani wataalamu walisoma maelezo ya dawa fulani, wakaridhika na sampuli walizopelekewa, na pengine wakakitembelea kiwanda wakakiona kuwa safi. Hakisemi kwamba chupa iliyopo leo katika rafu ya duka la Tandahimba au Kibondo ni sawa na ile sampuli. Baada ya cheti kutolewa, mambo matatu yaweza kubadilika.

Kwanza, mtengenezaji aweza kubadilika. Dawa hutengenezwa kwa matoleo, na kila toleo ni kazi mpya yenye malighafi mpya. Toleo la kwanza laweza kuwa bora na la arobaini likawa baya.

Pili, dawa yaweza kuharibika njiani. Mfano ulio wazi ni oksitosini, dawa ya sindano anayopewa mama mara baada ya kujifungua ili asitokwe na damu nyingi. Kutokwa na damu baada ya uzazi ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya akina mama. Dawa hii yapasa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikiwekwa kwa muda mrefu katika stoo yenye joto la nyuzi 30 na zaidi, nguvu yake hupungua kidogo kidogo, ilhali rangi yake haibadiliki wala harufu yake haigeuki. Mkunga huidunga akiamini kwamba ametoa tiba, kumbe ametoa maji yaliyobakiwa na dawa kidogo. Dawa hiyo ilisajiliwa kihalali, ikatengenezwa kwa uaminifu, ikaingia nchini ikiwa na karatasi zake zote. Ilikufa barabarani.

Tatu, ulimwengu wenyewe hubadilika. Vimelea hugeuka, na dawa au kipimo kilichofaa miaka kumi iliyopita chaweza kisifae tena.

Ikiwa hayo ndiyo mambo yabadilikayo, basi ni dhahiri kwamba mdhibiti aliyeweka nguvu zake zote katika usajili anafanana na mwalimu anayewasahihisha wanafunzi siku ya kuandikishwa shule, kisha asiwatahini tena hadi wamalize. Yapo mambo matatu ambayo yastahili kupewa nafasi ya mbele.

Kwanza: sampuli zitoke rafuni

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba imekuwa ikichukua sampuli sokoni na kuzipima, na kazi hiyo yastahili pongezi. Hoja hapa ni kwamba kazi hiyo isihesabiwe kuwa nyongeza ya kufanywa fedha zikibaki, bali iwe shina la kazi zote. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, takriban dawa 1 kati ya 10 huwa ama duni ama bandia. Dawa duni ni ile iliyotengenezwa na kiwanda halali lakini haikufikia kiwango, au iliyoharibika baadaye. Dawa bandia ni ile iliyofanywa makusudi ili kudanganya. Hakuna mojawapo kati ya hizi iwezayo kugunduliwa kwa kusoma majalada ofisini.

Wasomaji wa sekondari watafurahi kujua kwamba sayansi ya kugundua dawa hizo haiko mbali na maabara ya shule. Mwanafunzi aliyewahi kutia tone la wino katika karatasi ya kuchujia, akaisimamisha ndani ya maji na kuona rangi zikipanda na kutengana, amekwisha kuijua kanuni ya kromatografia. Wapima dawa hutumia njia hiyo hiyo. Kidonge husagwa na kuyeyushwa, tone lake likatiwa katika bamba jembamba lililopakwa silika, na pembeni yake likatiwa tone la dawa ambayo ubora wake umethibitishwa. Kisha bamba husimamishwa ndani ya kiyeyushi. Kiyeyushi kinapopanda, kila kemikali hupanda kwa mwendo wake. Ikiwa alama ya kidonge imefika pale pale ilipofika alama ya dawa halisi, na ukolezi wake ni ule ule, dawa imo. Ikiwa alama imefifia, dawa ni pungufu. Ikiwa hakuna alama, hakuna dawa.

Vifaa vya kazi hii huenea katika masanduku mawili yanayobebeka, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vimetumika katika vituo mbalimbali vya mikoani na mipakani nchini Tanzania. Njia hii ina upungufu wake. Huweza kuitambua dawa isiyo na kitu au iliyopungukiwa sana, lakini haiwezi kwa uhakika kutenganisha dawa yenye asilimia 95 na ile yenye asilimia 85. Kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya maabara kuu. Kazi yake ni kuwa chekecheke: itenge zile zinazotia shaka, na maabara kuu ipime hizo kwa ukamilifu.

Wapo wasemao kwamba nchi ni kubwa mno na maduka ni mengi mno. Hesabu ya uwezekano hujibu hoja hiyo. Tuseme katika eneo fulani kidonge 1 kati ya kila vidonge 10 vya aina moja ni kibovu. Uwezekano wa kuchukua sampuli moja na kuikuta nzima ni 0.9. Uwezekano wa kuchukua sampuli 29 kwa bahati nasibu, kutoka maduka mbalimbali, na zote zikawa nzima, ni 0.9 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 29, yaani takriban 0.05. Kwa maneno mengine, sampuli 29 tu zatosha kuugundua ubovu huo kwa uhakika wa asilimia 95. Si lazima kupima kila kidonge nchini. Linalotakiwa ni kuchagua kwa bahati nasibu, kufika hadi maduka ya mbali, na kurudia kila mwaka, kwa kuanza na dawa zile ambazo zikikosea huua upesi: za malaria, za uzazi, za maji za watoto, na za kuua bakteria.

Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo, nayo hugusa kizazi kijacho. Dawa pungufu huua vimelea dhaifu na kuviacha vile vyenye nguvu viendelee kuzaana. Mwanafunzi wa baiolojia atatambua hapo uteuzi wa asili ukifanya kazi ndani ya mwili wa mtu mmoja. Tanzania imekwisha kulipa gharama ya usugu mara mbili. Klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, na dawa iliyoirithi, ya sulfadoksini na pirimethamini, nayo ikaachwa mwaka 2006 na nafasi yake kuchukuliwa na dawa mseto. Sasa dalili za usugu dhidi ya artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa mseto, zimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na katika mkoa wa Kagera. Si haki kusema kwamba dawa duni ndizo pekee zilizosababisha hali hiyo. Ni haki kusema kwamba kila kidonge pungufu kinachouzwa huongeza mzigo huo, na kwamba ghala la dawa mpya za kukimbilia si kubwa.

Pili: habari za madhara zisikilizwe

Jambo la pili ni madhara ya dawa zilizo halali na kamili. Dawa mpya kwa kawaida hujaribiwa kwa watu elfu chache kabla ya kuidhinishwa. Tuseme imejaribiwa kwa watu 3,000, nayo ina dhara baya linalompata mtu 1 kati ya 10,000. Hesabu huonyesha kwamba kuna uwezekano wa takriban 0.74 kuwa hata mmoja wa watu hao 3,000 hatapatwa na dhara hilo. Wachunguzi hawakuzembea, idadi ndiyo iliyokuwa ndogo. Dawa ikishatolewa kwa watu milioni, watu 100 watadhurika, na hakuna awezaye kujua isipokuwa wale wanaowahudumia watoe habari.

Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka 1993, na fomu za njano za kutolea taarifa hizo zinajulikana hospitalini. Lakini katika nchi nyingi, zikiwamo zilizoendelea, madhara yanayoandikwa ni sehemu ndogo ya yale yanayotokea. Mganga mwenye wagonjwa 80 kwa siku huiona fomu kuwa mzigo. Mwuguzi huogopa kuulizwa kama yeye ndiye aliyekosea. Mgonjwa naye husema dawa imemkataa, akaitupa, akanyamaza.

Dawa ya ukimya huo si amri bali ni majibu. Anayetoa taarifa apate jibu: taarifa imefika, imechunguzwa, hili ndilo lililoonekana. Mtu aliyeandika mara moja asisikie neno lolote hataandika mara ya pili. Aidha, yapasa iwekwe wazi kwamba taarifa ya dhara si mashtaka. Mdhibiti atakayefanikiwa kuwafanya waganga wa zahanati na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wawe masikio yake, atakuwa amepata maelfu ya wakaguzi ambao hakuwaajiri.

Tatu: vifaa tiba visiwe mtoto wa kambo

Mwaka 2019 jina la Mamlaka lilitaja vifaa tiba kwa mara ya kwanza, na halikukosea. Tiba ya siku hizi hutegemea vifaa kama inavyotegemea dawa: mashine ya kupimia shinikizo la damu, glovu, sindano, vitendanishi vya maabara, kipimo cha haraka cha malaria. Kifaa kinachodanganya hudhuru kwa njia ya siri, kwa kuwa humfanya mganga mwenye ujuzi afanye uamuzi mbaya kwa nia njema.

Mifano miwili itatosha. Wa kwanza ni kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni ili kupima oksijeni katika damu, ambacho kilitumiwa sana wakati wa maradhi ya UVIKO-19. Kifaa hicho hufanya kazi kwa kupitisha mwanga katika ngozi. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilishindwa kutambua upungufu wa oksijeni takriban mara 3 zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Ni wazi basi kwamba kifaa chaweza kuwa na vyeti vyote vya nchi zilizoendelea, na bado kisiwe kimehakikiwa vya kutosha kwa ngozi ya Mwafrika.

Mfano wa pili ni kipimo cha haraka cha malaria. Vingi vya vipimo hivi huitafuta protini moja inayotolewa na vimelea vya malaria. Nchini Eritrea uchunguzi wa mwaka 2016 ulibaini kwamba sehemu kubwa ya vimelea vilikuwa vimepoteza jeni inayotengeneza protini hiyo. Mgonjwa alikuwa na malaria, kipimo kikasema hana. Nchi hiyo ililazimika kubadilisha aina ya kipimo. Hapa kiwanda hakikukosea wala msafirishaji hakukosea. Kimelea ndicho kilichobadilika. Isingekuwa watu wa zahanati kushangaa na watafiti kufuatilia, wagonjwa wangeendelea kurudishwa makwao.

Hoja za upande wa pili

Wapo wataalamu wanaosema kwamba usajili ukilegezwa, nchi itajaa takataka. Hofu hiyo ni ya haki, lakini hapa hapasemwi kwamba usajili ulegezwe. Linalosemwa ni kwamba usifanywe mara mbili bila sababu. Dawa iliyokwisha kuchunguzwa na Shirika la Afya Duniani, au iliyochunguzwa kwa pamoja na wataalamu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki chini ya mpango uliozinduliwa Arusha mwaka 2012, haina haja ya kusomwa upya ukurasa kwa ukurasa katika kila mji mkuu. Muda wa wataalamu utakaookolewa hapo ndio utakaokwenda rafuni. Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kutumika mwaka 2021 na makao yake kuwekwa Kigali, waweza kuirahisisha kazi hiyo zaidi.

Wengine husema kwamba ukaguzi mkali utayafunga maduka ya vijijini, na wananchi wataangukia kwa wachuuzi wa barabarani. Hoja hii ni nzito, nayo yafaa kujibiwa kwa uzoefu. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ulianzishwa mpango wa maduka ya dawa muhimu, ambapo wauzaji wa maduka ya dawa baridi walipewa mafunzo, wakaruhusiwa kuuza orodha fulani ya dawa, na wakawekwa chini ya uangalizi. Mpango huo ukaenea nchini. Ulionyesha kwamba mwuzaji mdogo aweza kufanywa kuwa mshirika. Sampuli mbaya ikikutwa dukani, swali la kwanza lisiwe nani afungiwe, bali dawa ilitoka wapi, ilipita wapi, na toleo lake limefika wapi kwingine. Adhabu ni ya yule aliyejua.

Hoja ya tatu ni ya fedha, na ndiyo ngumu kuliko zote. Sehemu ya mapato ya mdhibiti hutokana na ada wanazolipa waombaji wa usajili na waagizaji. Mwombaji hulipa ili apate cheti. Hakuna alipaye ili dawa yake ikapimwe Kibondo. Kwa hiyo, bila mtu yeyote kukusudia ubaya, fedha huivuta kazi kuelekea mlangoni. Njia ya kuzuia mvuto huo ni kutenga kwa kanuni fungu la kila ada kwa ajili ya ufuatiliaji wa sokoni, fungu ambalo halitaguswa kwa shughuli nyingine, na Serikali kuongeza lake. Hali kadhalika, matokeo ya kila duru ya upimaji yachapishwe kwa Kiswahili chepesi: dawa gani zilipimwa, ngapi zilianguka, namba za matoleo yake, na hatua iliyochukuliwa. Mdhibiti anayeficha matokeo mabaya ili kulinda heshima yake hupoteza heshima hiyo siku siri inapofichuka, na wananchi hupoteza imani hata kwa dawa zilizo njema.

Nafasi ya shule

Walimu wa sayansi wana sehemu yao. Kromatografia ikifundishwa kwa mfano wa kidonge badala ya wino peke yake, na uwezekano ukifundishwa kwa mfano wa sampuli 29 badala ya shilingi irushwayo hewani, mwanafunzi ataona kwamba maarifa ya darasani ni ngao ya nyumba yao. Mwanafunzi huyo aweza kumsomea bibi yake tarehe ya mwisho wa matumizi, kumweleza kwa nini dawa isiwekwe dirishani penye jua, na kuiandika namba ya toleo pale dawa inapoleta matokeo yasiyotazamiwa, ili taarifa ipelekwe kituo cha afya ikiwa kamili. Baadhi yao ndio watakaokuwa wafamasia na wakemia wa kesho, na ndio watakaoamua kama sampuli itachukuliwa bandarini tu au pia katika duka la mwisho wa barabara.

Mama aliyetajwa mwanzoni mwa makala haya hatapata kamwe uwezo wa kukinusa kidonge akajua ubora wake. Hana budi kuamini. Taifa lililomtaka aamini linawajibika kuhakikisha kwamba kuna mtu aliyefika katika duka lile, akachukua kidonge kutoka rafu ile ile, akakipima, na kutangaza alichokiona.